Kunyanyua Land Cruiser pickup hapa Tanga: gereji ya Mabawa imenitoa kwenye mateso

Nimekaa nayo miezi minne ndo naandika, sikutaka kuandika siku ileile maana gari yoyote ikitoka gereji asubuhi inaonekana nzuri. Gari ni Land Cruiser pickup ile 79, singo kebini, injini 1HZ, kazi yake kupanda Amani kuchukua iliki, mdalasini na pilipili manga kushusha Muheza na Tanga mjini, ikitokea kazi ya Kilindi nayo inaenda. Waliopita Amani masika wanavijua vile vipande vya udongo mwekundu, ukilowa ni sabuni, malori yameshachimba mitaro miwili na katikati limebaki tuta, ukiingia tu kwenye mitaro difu, lile boga la gia katikati ya ekseli, inakalia tuta na tairi zinazunguka bure. Masika ya mwaka jana nimelala hivyo usiku mzima, magunia ya watu nyuma, mvua juu, ndo nikaapa hii gari lazima inyanyuke.

Sasa kabla ya Mabawa nilipita gereji nyingine, jina naliacha. Wale waliniambia bosi hiyo kazi ya nusu siku. Mbele wakaweka vipande vya mpira juu ya koili, nyuma wakachomelea vile vyuma vinavyoshika mwisho wa springi vikawa virefu, shokapu zilezile, hozi za breki zilezile. Gari ikapanda kweli, nikafurahi, nikalipa. Kufika Pongwe tu nishaona stelingi haina utulivu, unakata kona haitaki kurudi yenyewe, kwenye lami unaikimbiza huku na huku kama unaendesha boti. Ikifika spidi 60 inatetemeka chini ya kiti mpaka vitu vya kwenye dashibodi vinaanguka. Nikavumilia wiki tatu. Siku nazama chini kuangalia oili nikakuta hozi ya breki ya mbele kushoto imevutika kama kamba ya kuanikia nguo, mpira umeshaanza kupasuka pale kwenye shingo. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Ile ndo hozi iliyokuwa inanishusha milima ya Amani na mzigo na abiria pembeni yangu, wallahi mpaka leo nikikumbuka moyo unaenda mbio.

Mabawa nilielekezwa na dereva mwenzangu wa mkonge. Ni gereji ya kawaida, uwanja na banda moja la bati, usitegemee kiti cha kukaa. Lakini mzee wa pale kabla hajagusa spana aliniuliza, "Baba, unabeba kilo ngapi, na unabeba kila siku au mara mojamoja?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia kwenda ni tupu, kurudi kilo 600 mpaka 800. Akasema basi springi tunachagua kwa mzigo huo, tukiweka za tani nzima muda wote utakuwa unarushwa ukiwa tupu, tukiweka laini utarudi umekaa matako chini. Kumbe zile kiti za Australia, yaani seti za vifaa vya kunyanyulia gari, Old Man Emu, Ironman, Tough Dog na wenzao, zinauzwa hivyo, koili za mbele na springi za nyuma unachagua kwa uzito unaobeba, siyo urefu peke yake. Tukaagiza ya kupandisha sentimita 5.

Halafu akanifundisha kitu ambacho natamani kila anayetaka kunyanyua gari akijue kabla hajatoa hela. Alilala chini ya gari, akaweka tepu kutoka ardhini mpaka kwenye boga la difu, akanionyesha. Akasema, "Hapa mimi na springi zangu siwezi kupagusa." Springi zinapandisha bodi na chesisi, difu imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye tairi, kwa hiyo kinachoinua difu ni tairi kubwa tu, na yenyewe inakupa nusu ya ulichoongeza. Mimi nilikuwa na tairi za 265/70R16 ambazo kimo chake ni kama milimita 777, tumeenda 235/85R16 ambazo zinafika 806, tofauti karibu sentimita 3, difu imepanda sentimita moja na nusu basi. Ndogo eeh? Kwenye lile tuta la Amani hiyo ndo tofauti ya kupita na kulala. Na tairi zenyewe nyembamba zaidi, zinakata tope zinatafuta ardhi ngumu chini badala ya kuelea juu yake. Sentimita 5 za springi kazi yake ni nyingine, tumbo halikwaruzi, bampa haigongi ukiingia korongo, na tairi ndefu inapata nafasi ya kucheza bila kula fenda.

Kazi yenyewe sasa. Alianza kwa kupima kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, akaandika kwa chaki kwenye mlango, mbele kushoto sentimita 48, kulia 49 na kidogo. Vyuma vya kuchomelea vya wale wa kwanza alivitoa akavitupa kule kwenye skrepa bila kusema neno. Akafunga koili mpya, springi mpya za nyuma, yubolti mpya (zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), bushi mpya (mipira ya kwenye viungo), shokapu ndefu za kuendana nazo. Mbele akaweka bushi zenye tundu lisilo katikati, akaeleza ukipandisha gari hii ekseli ya mbele inajizungusha kidogo kwenye ile mikono yake, ndo maana stelingi ilikuwa haitaki kurudi, hizo bushi zinairudisha kwenye mlalo wake. Ile fimbo inayoshika ekseli isiende upande akaweka ya kurekebisha urefu maana ekseli ilikuwa imesogea pembeni. Hozi za breki ndefu. Mtetemo nao ukaisha, kumbe yale machuma marefu ya nyuma yalikuwa yameinamisha difu, propela shafti, ile inayopeleka mzunguko kwenye difu, ikawa inafanya kazi kwenye pembe mbaya.

Kuna viwili nisingevijua kabisa. Nyuma kuna valvu ya breki inayosoma mzigo, ukinyanyua gari yenyewe inadhani uko tupu, inapunguza breki ya nyuma hata kama umebeba, ikabidi airekebishe. Na paipu ya kupumulia ya difu akaiongeza mpaka juu kwenye boneti, maana difu ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji baridi inavuta maji ndani, na kwetu kule vijito ni vingi.

Gharama, kiti na vikorokoro vyake milioni nne na laki sita, ufundi laki tatu na nusu, tairi mbali. Ni hela nyingi sana kwa gari ya kazi, sitadanganya, nimeilipa kwa mafungu na mzee alinivumilia. Ila yale ya kwanza ya laki nane nimeyatupa yote.

Yasiyonipendeza yapo. Niliambiwa siku moja na nusu, zikawa nne kwa sababu bushi za mbele zilikuja siyo zenyewe na hakuna aliyepiga simu kunijulisha, nimefika na vijana wangu gari iko juu ya stendi. Alaimenti, kule kunyoosha mlalo wa magurudumu, hawana mashine, unapelekwa kwingine unalipa tena. Risiti mpaka uombe mara tatu, mimi naitaka maana gari ina mkopo. Na juani pale Mabawa hakuna hata turubai la wateja.

Barabarani sasa. Aprili nimepanda Amani mara kumi na moja, nimekwama mara moja na hiyo ni baada ya kumpisha mwenye lori nikashuka pembeni. Ikiwa na mzigo inatulia vizuri kuliko nilivyoizoea, ikiwa tupu ni ngumu kidogo kwenye mashimo ya mjini, mke wangu analalamika. Kona za milimani nimepunguza mwendo kabisa maana gari imenyanyuka na mzigo umekaa juu, inalala zaidi, vijana wanaonyanyua sentimita 10 wakaendelea kukata kona vilevile wananitia hofu kweli. Spidomita nayo inasoma pungufu, ikionyesha 80 uko kama 83, angalieni na trafiki wa barabara ya Segera.

Yubolti zirudisheni kukazwa baada ya kilomita 500, mimi nilikuta mbili zimelegea karibu nusu mzunguko na hazikuwa zimefungwa vibaya, springi mpya ndo zinavyojikaza mahali pake. Mzee hatozi kwa hilo. Nendeni kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo uwanja unajaa daladala na hakusikilizi tena mpaka jioni.