Fomu ya Olweus darasani Bukavu: inapima uonevu, haikamati mwonevu

Mwalimu wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye watoto sitini atakapopokea majibu ya fomu ya uonevu, atauliza: majina yako wapi? Hayapo. Fomu ya Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu mashuleni Skandinavia miaka ya 1970, haiandikwi jina. Ina maswali kama 40: umeonewa mara ngapi, kwa namna gani, wapi, na wewe je, umeonea wengine? Anayejibu "mara 2 au 3 kwa mwezi" au zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa ameonewa, au ameonea.

Udhaifu wake kwetu ni benchi. Watoto wanne wamebanana, mbabe anasoma jibu la jirani yake, basi siri imekwisha. Gawa darasa mara mbili, nusu wabaki uani, kila mmoja afunike kwa kaye, na asimamie mwalimu wa darasa lingine. Soma kila swali kwa sauti, Kifaransa kisha Kiswahili. Usitafsiri kwa "kuchokoza", maana kuchokozana ni mchezo pia, na hesabu itavimba. Sema "kuonea": kunarudiwa, ni kwa makusudi, na anayeonewa hawezi kujitetea.

Sasa huyo mwonevu ni nani? Hapa utafiti wa Olweus unafaa kuliko fomu yenyewe, kwa sababu walimu wengi humtafuta mtoto mpweke, mnyonge, aliyerudia darasa. Mwonevu ambaye Olweus anamweleza ni mvulana mwenye nguvu kuliko wenzake, hasira ziko karibu, anapenda kutawala, hamhurumii anayelia, na hajidharau hata kidogo. Mara nyingi ana wawili watatu wa kumfuata, wanaocheka anapokula mandazi ya mwenzake. Nyumbani alikosa upendo tangu mdogo, akipiga wenzake hakuna wa kumkataza, ila yeye mwenyewe anachapwa vikali. Umaskini wa familia haukuonekana kuwa chanzo katika takwimu zake, kwa hiyo direkta asianze na mtoto wa waliokimbia vita.

Wasichana hutenga na kusengenya zaidi, na fomu inauliza hayo pia. Angalia vilevile anayeonewa na kuonea: hulipuka haraka, anapiga kelele, ndiye anayeadhibiwa kwanza huku aliyemchokonoa amekaa kimya.

Kwa kupima, fomu naipa alama 4 kati ya 5. Kwa kukamata, 1. Majibu yenye faida ya haraka ni yale ya mahali: yakitaja vyoo au bomba la maji, mwalimu asimame hapo kila rekreasio, tangu kengele ya kwanza.