Mawe ya bustani hapa Tanga: pimeni unene kabla ya kulipa

Masika yakiisha tu, ujumbe unaanza kuingia: mawe yanacheza. Dada mmoja wa Sahare ameniandikia kwamba njia yake ya kutoka getini hadi barazani imekuwa kama meno ya mzee, na fundi kishalaumiwa hadi kazima simu. Nikamwomba anipigie picha za mawe yaliyobaki, ayasimamishe ubavu. Moja lina sentimita mbili, la pili yake lina sita. Fundi wa watu hana kosa.

Rangi sitaizungumzia, kila mtu na macho yake. Unene ndio unaonikosesha usingizi. Mawe haya ya kutandaza njia, yasiyo na umbo maalumu, hulazwa juu ya mchanga wa sentimita tatu hadi tano, na chini yake kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Jiwe jembamba likikaa jirani na nene, itabidi lijaziwe mchanga ili yalingane juu. Mvua ikinyesha, penye mchanga mwingi ndipo panapotitia zaidi. Ukingo mmoja unanyanyuka, na bibi anajikwaa akienda kuanua kanga zake. Jiwe la chini ya sentimita mbili na nusu lilazwe juu ya zege, maana juu ya mchanga litapasuka siku bodaboda akiingia na pikipiki yake ndani.

Kwa hiyo nendeni na kibao. Chukua kipande cha mbao, kata mapengo mawili ukingoni kwa msumeno: moja sentimita mbili na nusu, jingine nne. Jiwe linaloingia pengo dogo, weka kando. Lisiloingia pengo kubwa, weka kando. Pima pembe zote, kwa sababu kuna mawe yaliyonona upande mmoja na kukonda upande wa pili, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Sasa chaguo zangu. Nasema wazi: namba moja ni Mazeras, na anayebisha aandike yake. Yanachimbwa karibu na Mombasa, kwetu yanapitia mpakani Horohoro. Ni mawe ya mchanga yanayopasuka kwa matabaka, ndiyo maana yanatoka bapa bila kuchongwa sana, na uso wake wa kukwaruza hautelezi ukilowa. Ubaya wake unatokana na matabaka hayo hayo: mengine hubanduka magamba, hasa karibu na bahari kama Raskazone, ambako chumvi huingia ndani ya jiwe na kulisukuma. Ligonge kwa nyundo ndogo. Likilia, chukua, likitoa mlio mzito wa gunia, achana nalo.

Namba mbili, mawe magumu ya upande wa Usambara. Hayanywi maji na yatakuzika. Lakini hayapasuki bapa kwa urahisi, kwa hiyo kwenye kile kibao changu mengi hufeli, na fundi atakudai siku za ziada za kuyachonga.

Namba tatu ni mawe ya chokaa, jamii ya yale ya mapango ya Amboni. Yanapendeza yakiwa mapya. Yakikanyagwa sana hulainika na kuteleza, na ukimwaga maji ya ndimu au siki yanalika palepale. Mbali na jiko la nje, tafadhali.

Matumbawe ni ya kuta. Waliojenga Tongoni, yale magofu ya kale, walijua hilo. Na vipande vya vigae vilivyovunjika, vya bei ya chee, huteleza vikilowa. Basi.

Nije kwenye kinachonichoma. Mazeras ya sentimita tatu, mita moja ya mraba ina takribani kilo 70. Ya sentimita tano inafika kilo 115. Yaani tani moja itakufunikia mita 14 hivi au nane na kitu, kutegemea unene. Wauzaji wanaijua hesabu hii kuliko mwalimu. Ukinunua kwa tani, unapakiwa manene. Ukinunua kwa mita, unapakiwa maganda. Ukinunua kwa tripu ya Fuso, unapakiwa chochote kilichokuwa nyuma ya lile rundo zuri ulilooneshwa. Na swali la kwanza utakaloulizwa ni "mama, umekuja na gari gani?", ndipo bei itajwe.

Mimi nanunua kwa mita, unene unaandikwa kwenye risiti, naongeza asilimia kumi ya vipande vitakavyokatwa, na nusu ya hela inabaki kwenye pochi mpaka kibao kipite juu ya gari. Saruji ya kuziba nafasi, Simba ya Pongwe inatosha, sehemu moja kwa mchanga sehemu nne. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi na utawaachia madoa meupe kila mvua. Na ushushaji mkubaliane mapema analipa nani, kwa sababu gari likishafika getini bei ya vijana wa kushusha haipungui hata senti.