Nililipa shilingi 139,500 kuwinda hadhi ya hoteli. Nakwambia nilichopata

Assalam aleikum, na karibuni tena. Leo mezani sina simu wala blenda. Bidhaa ya leo ni hii hapa, ngoja nipunguze mwanga muione. Kadi ya uanachama wa hoteli, iko ndani ya simu, jina langu chini na neno la kujidai juu yake. Haishikiki, haiuziki, na mwaka ukikatika vibaya inarudi kuwa kadi ya kila mtu. Imenigharimu shilingi 139,500 pamoja na ugomvi na dadangu mkubwa, na kati ya hivyo viwili, pesa ndiyo niliyoisahau mapema.

Kuna watazamaji wengi mliniandikia mkiuliza: hizi hadhi za hoteli, Gold, Platinum, Diamond, ni za kweli au ni maneno? Na mtu wa Mombasa azikimbilie? Nimekaa nazo mwaka mzima, naweza kujibu.

Kwanza kwa yule ambaye hajawahi kujiunga. Makampuni makubwa ya hoteli duniani yana mipango yao ya wanachama. Kujiunga ni bure, barua pepe tu basi. Ukilala, usiku wako unaandikwa, na hesabu inaanza upya kila Januari. Ukifikisha idadi fulani unapandishwa ngazi, na ngazi hiyo ndiyo hadhi. Marriott, mpango wao unaitwa Bonvoy, usiku 10 wewe ni Silver, 25 ni Gold, 50 Platinum, 75 Titanium. Juu kabisa kuna Ambassador, na huko usiku 100 peke yake haukutoshi, wanataka uwe pia umetumia dola 23,000 ndani ya mwaka huo. Hyatt, ngazi yao ya juu inaitwa Globalist, usiku 60. IHG, Diamond, usiku 70.

Sasa zihesabu kwa vidole. Usiku 50 ni wiki saba na siku moja nje ya kitanda chako. Toa Ramadhani, maana simjui mtu wa Mombasa anayetaka kufuturu kwa sahani ya hoteli akiwa na mama nyumbani. Toa Idd, toa harusi za Agosti. Miezi iliyobaki ndiyo ya kuwinda.

Mie nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Tangu treni ya mizigo ianze kubeba kontena hadi Embakasi, nusu ya kazi yangu imehamia Nairobi, na tajiri ananituma huko mara mbili, tatu kwa mwezi. Hoteli inalipa kampuni, mimi nalala tu. Mwaka ule ilipofika Novemba nikafungua programu ya ile hoteli, sitaitaja jina, nikakuta imeniandikia kwamba nimebakisha usiku tisa tu nifike ngazi ya juu yangu. Hilo neno "tu" mliangalie sana. Limeandikwa na mtu anayelipwa mshahara mzuri.

Safari za kazi zilikuwa zimekwisha. Nikasema nitajilipia mwenyewe. Usiku mmoja shilingi 15,500, mara tisa, na hapo sijahesabu treni. Nikapanda ya saa tisa alasiri pale Miritini, nikafika usiku, nikalala hotelini bila kazi yoyote iliyonipeleka. Asubuhi nikatembea Westlands kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ya pili mpwa wangu akaniona, mtoto wa watu akasimulia kwao.

Dadangu anakaa South B. Alinipigia kabla ya Magharibi.

"Uko Nairobi?"

Nikamwambia niko, dada, kidogo tu.

"Unalala wapi?"

Nikamwambia hotelini.

"Kazi imekulaza?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nikamweleza habari ya usiku tisa na ngazi na kadi. Akanyamaza, nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Kisha akasema, "Yaani una nyumba ya dadako hapa, kitanda kimetandikwa, unakwenda kumlipa mtu akuite bwana. Mama akiniuliza tumekosana nini, nimwambie ni Platinamu?"

Hiyo bei haiko kwenye video yoyote niliyotazama kabla. Wale wenzetu wa Marekani wanaofundisha mambo haya wakitaja gharama, wanataja dola. Sisi mtu akilala hotelini katika mji wenye ndugu yake, ametoa tangazo.

Haya, nikafika. Usiku wa tisa umeingia, kadi ikabadilika rangi usiku huohuo, nikapiga picha. Januari tajiri akanituma tena, nikaenda kifua mbele.

Nilichopata kwanza ni sahani ya matunda chumbani na karatasi yenye jina langu, limekosewa herufi moja. Ndizi mbili, pasheni, na embe. Mie mtu wa Mombasa, mwezi wa embe, nyumbani zinaanguka zenyewe uani, napewa embe moja Nairobi, nalo gumu kama la kachumbari. Nikalirudisha Mombasa kwenye begi, mke wangu akalipikia mchuzi.

Cha pili ni kupandishwa chumba. Nilipandishwa kweli, kwa maana ya lifti. Chumba kilekile, kitanda kilekile, orofa mbili juu, dirisha linatazama maegesho ya magari kutoka mbali kidogo.

Cha tatu ndicho nilichokitaka hasa: kuchelewa kutoka. Treni ya usiku inaondoka Nairobi saa nne, na hoteli inakutoa chumbani saa sita mchana. Saa kumi zote hizo katikati unakaa wapi na begi? Nikaenda mapokezi na kadi yangu. Binti akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Samahani sana, leo tumejaa." Nikamwonyesha ngazi yangu. Akaniambia inategemea nafasi.

Inategemea nafasi. Ukitoka na kitu kimoja kwenye video hii, tokeni na maneno hayo mawili. Karibu kila zawadi kwenye orodha za hawa watu imefungwa mkiani na maneno hayo. Chukua Marriott kwa mfano, kwa sababu kanuni zao ziko wazi. Gold wanakuruhusu hadi saa nane mchana, ikiwa nafasi ipo. Ukifika Platinum wanakuhakikishia hadi saa kumi jioni, na hiyo ni nzuri kweli, sitawanyima haki yao. Lakini endelea kusoma: hoteli za mapumziko na za mikutano zimetolewa kwenye uhakika huo, huko unarudi palepale kwenye nafasi. Sasa niambie, kuanzia Nyali hadi Shanzu, kisha uvuke Likoni mpaka Diani, hoteli gani ya ufuoni si ya mapumziko?

Na hapo tumefika nyumbani. Tembea ufuo wa kaskazini uhesabu majina. Voyager iko Nyali, Sarova Whitesands iko Bamburi, Serena na PrideInn Paradise ziko Shanzu. Hizo ni hoteli za makampuni ya huku kwetu Afrika Mashariki. Kadi yangu ya dunia nzima ukiionyesha pale, watakupa juisi ya kukaribishwa kama wanavyompa kila mtu. Yale majina ya nje mengi yamejikusanya Nairobi. Kwa hiyo hadhi niliyoinunua inafanya kazi mji ambao nakwenda kikazi, na haifanyi kazi mahali ninapowapeleka watoto Idd. Nilitakiwa kuliona hilo kabla ya kulipa. Sikuliona, kwa sababu nilikuwa natazama lile neno "tu".

Kuna jambo la chai ya asubuhi, maana ndilo linalotajwa kama faida kubwa. Hilton wakikupa Gold, nje ya Marekani unapata kifungua kinywa bure. Marriott Gold hupati, mpaka Platinum, na hata hapo inategemea ni hoteli ya jina gani miongoni mwa majina yao. Watu wanapiga hesabu hivi: bufee ni shilingi 3,000, nimelala usiku 20, basi nimeokoa 60,000. Wallahi hujaokoa. Kama hawangekupa, ungekula bufee ya 3,000? Mie ningetoka nje nikanywa chai kwa mandazi, nikaenda zangu. Faida yako ni ile pesa ambayo ungeitoa mfukoni, siyo bei iliyoandikwa mlangoni. Tena huku Pwani bei ya chumba mara nyingi inakuja na chai ndani yake, au na chakula cha usiku pia. Unapewa bure kitu ulichokwisha kulipia. Na bufee yenyewe, nitasema na wasikasirike, mbaazi zao hazina nazi ya kutosha.

Ngoja nirudi kwa wale wa Marekani, maana wao ndio wametutia wengi wetu tamaa. Mtu anakwambia ana Gold ya Marriott na Gold ya Hilton kwa pamoja, unafikiri hana kwao. Anayo kadi ya American Express Platinum, hadhi zote mbili zinakuja na kadi, ajiandikishe tu. Hakulala hata usiku mmoja. Kadi yangu ya benki inanipa kulipa na kukatwa ada. Basi mchezo si mmoja, ingawa uwanja unafanana.

Mtego mwingine huu ulinila kabla ya yote, na kuujua mapema kungeniokoa ile laki na ushei. Usiku hauhesabiwi hivihivi. Ukibuku kupitia Booking.com au wakala kama huyo, kwa kawaida hupati usiku wala pointi, zile alama za kulipia chumba, lazima ubuku kwa hoteli yenyewe. Mwaka ule nilikuwa na warsha ya siku nne, mwenye warsha alilipia vyumba vyote kwa mkupuo. Nililala, nilikoroma, hakuna kilichoandikwa. Mara nyingine yule kijana wa ofisini anayetukatia safari alipata bei nafuu mtandaoni, nikapoteza usiku sita. Kumi hizo. Nilihitaji tisa.

Pointi ni habari nyingine, msizichanganye na hadhi. Pointi kusanyeni. Marriott hoteli zao nyingi zinatoa pointi 10 kwa kila dola, zinaingia kwa jina lako hata kama anayelipa ni tajiri. Muulize lakini, kuna ofisi hazipendi. Msizilimbikize pia. Akaunti ikilala miezi 24 bila kitu kuingia wala kutoka, zinafutwa, na tangu 2022 Marriott hawana tena jedwali la kudumu la bei za pointi, kwa hiyo usiku unaouwekea leo unaweza kupanda bei kesho. Ukipata za kutosha lala, basi. Hyatt wana hoteli yao pale Mji Mkongwe, Unguja, Park Hyatt, na kwa mtu wa Mombasa hiyo ni safari ya maana kuliko embe la Westlands.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna kadi inayokikinga. Mnaikumbuka Hilton ya mjini Nairobi, ule mnara wa duara uliokuwapo tangu 1969? Ulifungwa mwishoni mwa 2022. InterContinental ya pale jirani ilikwenda 2020, wakati wa korona. Wenye hadhi zao walibaki nazo mkononi, hoteli waliyoizoea ikawa haipo. Kwangu mimi ilikuwa ndogo kuliko hiyo: Machi tajiri alipiga mahesabu yake, akatuhamishia hoteli ya bei ya chini isiyo na mpango wowote. Hadhi yangu ya 139,500 nimeitumia safari tatu.

Nani basi aifuate? Mtu ambaye mwajiri anamlaza usiku 50 kwa mwaka, hoteli za kampuni moja, na anabukiwa moja kwa moja. Huyo haifuati, inamfuata yeye. Ukibakisha usiku mmoja au mbili na una sababu ya kusafiri, sawa, jazia. Wengine wote, Aprili hadi Juni mvua zikinyesha na wageni wamepungua, pigia hoteli ya ufuoni simu, uliza bei ya mkaazi, na uliza mara ya pili kwa adabu. Utapata chumba kwa bei ambayo Platinum wa kule hajaiona.

Ile hoteli ya bei ya chini niliyohamishiwa, sasa nina miezi saba nayo. Haina kadi. Mzee wa mapokezi anaweka begi langu chini ya meza yake mpaka saa mbili usiku nikienda kushika treni, na chumba 14 ananiwekea kwa kuwa nilimwambia mara moja kwamba lifti inanikosesha usingizi. Sijamwomba tena.

Programu bado inaniandikia. Hii hapa ya jana, nawasomea: "Umebakisha usiku 31 tu kulinda hadhi yako." Jumamosi nakwenda Nairobi, safari yangu mwenyewe, si ya kazi. Nimebeba halua ya dada na kilo mbili za viazi vitamu alivyoagiza. Nalala South B, kwenye kochi, kwa sababu kitanda kimepewa mpwa aliyenisema.

Maswali yaacheni hapo chini, nitajibu baada ya Isha.