Picha za Tingatinga, Morogoro Stores: gusa kwanza, lipa baadaye

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mtindo huu mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, ubao mwembamba uliosindikwa. Leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, picha nyingi huchorwa kwenye kitambaa cha pamba ili mgeni aingize begini. Rangi ni zile zile za kung'aa, na hapo ndipo penye kasheshe: juu hukauka mapema, chini bado mbichi. Bonyeza pembeni kwa kidole. Ikinata hata kidogo, iache. Ukiiviringisha mbichi hugandamana yenyewe kwa yenyewe, na jicho la chui likahamia mgongoni mwa twiga. Iviringishe rangi ikiwa nje, kwenye bomba nene. Usiikunje kama kanga, rangi itapasuka kwenye mikunjo. Dai pia kitambaa kitupu cha sentimita tano kila upande, la sivyo fremu itakula mkia wa ndege.

Kazi safi utaijua kwa madoa ya rangi yenye kingo zisizochuruzika, na njano inayoingia kwenye chungwa bila kuacha mistari ya brashi. Simba na Kilimanjaro, kusema kweli, vimechosha. Ulizia picha za soko, za hospitali au za mashetani.