Uzoefu wangu wa kulipia simulizi za mapenzi za WhatsApp hapa Kigoma

Wanaoniuliza kama simulizi za kulipia zina thamani ya hela yao, jibu langu ni ndiyo, ila si zote. Mimi ni mteja wa mwandishi mmoja tangu ziwa lilipofungwa mwaka 2024. Kwa walio mbali: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, na sisi wa Kibirizi tunaoishi kwa kuanika na kuuza dagaa tukabaki tumekaa. Shoga yangu wa Katonga akanitumia sehemu za mwanzo za hadithi moja. Nikazimaliza usiku uleule, nikafika pale wanapokatia wote: kuipata yote, lipia.

Utaratibu ni huu. Sehemu za kwanza hutolewa bure Facebook, zikinoga zinakatwa. Unatuma shilingi 2,000 kwa simu, unampelekea ule ujumbe wa muamala, anakuingiza kwenye kundi ambalo yeye peke yake ndiye anayeandika. Kila siku saa mbili usiku inaingia sehemu moja. Ni maandishi matupu, hivyo hata bando la jero linatosha. Zile za kusikiliza YouTube ni tamu, hasa ukiwa na kazi mkononi, lakini zinakula MB na mtandao wa huku ukiyumba unabaki unatazama kiduara kinazunguka.

Vitabu vya karatasi navipenda, tatizo ni kuvipata. Madukani Mwanga utakuta vya shule na madaftari, riwaya ni kwa bahati. Kuagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, nauli ya mzigo inaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe. Inaniuma, maana mkoa huuhuu ndio uliomtoa marehemu Ben Mtobwa, ambaye riwaya zake zilisomwa nchi nzima.

Sasa nije kwenye riwaya niliyoimaliza juzi, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Tausi anakaa Ujiji, ni mtunza sanduku wa kikoba cha wanawake kumi na wanne. Wanaozijua hizi shughuli wanajua sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wiki ya kuvunja kikoba na kugawana akiba, sanduku linafunguliwa mbele ya wote na ndani hamna kitu. Kufuli zote tatu nzima. Mumewe Ramadhani alikuwa amefungua bawaba za nyuma kwa bisibisi, akatoa hela, akarudishia skrubu moja baada ya nyingine. Mashine ya boti yake ilikuwa ya mkopo na mwenye deni alikuwa mlangoni, naye akajiambia atavuka Kalemie, upande wa Kongo, na mzigo, auze, arudishe kabla ya siku ya kuvunja. Mzigo ukapotea. Hakurudi.

Hapa ndipo nilipomheshimu mwandishi. Hakumkimbiza na mwanamke mwingine. Aliyemzuia mtu huyu ng'ambo ya ziwa miaka sita ni aibu. Kuna sehemu nzima anakaa ufukweni Kalemie jioni, boti ya Kigoma inapakia, nauli anayo mfukoni, na anaiangalia mpaka inaondoka. Wanaume wa namna hiyo tunawajua. Si wakatili, ila wameshindwa kutazamana na watu waliowaumiza, na kila siku wanayochelewa inaifanya ya kesho iwe nzito zaidi.

Anaporudi, Tausi halii wala hamfukuzi. Anaingia ndani, anatoka na daftari, anamsomea. Jina la kila mwanamke, kiasi alichokuwa anadai, na kitu ambacho yeye Tausi aliuza ili amlipe. Kwa huyu, kitanda. Kwa huyu, vitenge vya arusi, doti tatu. Kwa huyu, cherehani aliyoachiwa na mama yake. Akimaliza anafunga daftari na kusema yeye alishalipa hela zao, sasa yeye Ramadhani aende kwa kila mmoja akamrudishie imani yake kwa mkewe, kwa sababu miaka yote sita kuna walioamini kuwa walipanga pamoja.

Ndipo ule mtindo wa sehemu moja kwa usiku ulipoonyesha faida yake. Usiku huu nyumba moja, kesho nyingine. Mmoja anamkaribisha chai, mwingine anamwagia maji ya kuoshea dagaa. Mmoja alikuwa ameshafariki na wanawe hawasemeshani kwa sababu ya mirathi, ikabidi ajifunze kwamba haki ya marehemu haifi, huenda kwa warithi, na kwamba kuomba radhi mbele ya watu wawili wanaochukiana ni kazi mara mbili. Ningekuwa na kitabu chote mkononi ningeruka kurasa nione kama Tausi amemsamehe. Nilivyokuwa nasubiri hadi saa mbili ya kesho yake, nilichoka pamoja naye, na ule uchovu ndio uliofanya msamaha, ulipokuja, nisiuone wa bei rahisi.

Huku Kibirizi tunasoma kwa sauti. Mwenye macho anasoma, wengine mikono iko kwenye dagaa. Bibi mmoja wa hapa, asiyejua kusoma, ndiye msikilizaji mkali kuliko wote. "Mwanangu, hebu rudia hapo pa bawaba," alinambia, nikarudia. Akasema mtu aliyerudishia zile skrubu alikuwa na nafasi ya kusita kwa kila skrubu, na hakusita. Tokea hapo alikataa katakata Ramadhani asamehewe, na ubishi ukaenda wiki nzima, kuna waliomtetea mpaka wakanuniana.

Kilichombadilisha bibi ni mtoto. Tausi alikuwa na mimba mume alipotoweka, na binti alipoanza kuuliza aliambiwa baba yako alizama ziwani. Akaombewa dua, akalelewa akijua hivyo. Baba anaporudi, Tausi mwenyewe anamwomba asijitambulishe, na binti akimkuta uani anatengeneza vichanja vya kuanikia anamuuliza, "Wewe nani?" Anajibu, "Mimi fundi." Hivyo mwanamke aliyetendewa anajikuta naye ana la kuombea radhi, tena kwa mtoto wa darasa la kwanza. Siku binti anapojua ukweli anakasirikia mama, si baba. Niliposoma ile sehemu watu waliacha dagaa. Bibi akauliza tu, "Na huyo mama nani atamsamehe?"

Nimesoma simulizi nyingi za kundi lile na za wengine, na naweza kusema wapi nyingi zinaharibikia. Mume anamtupa mke, sura inayofuata mke ni bosi ana gari la kifahari, mume ni mlinzi getini. Au mume figo zinafeli na mwenye figo inayomfaa ni yuleyule aliyemfukuza. Hizo zinachangamsha, sikatai, lakini mkosaji hajatengeneza chochote. Amepata ugonjwa tu, na sisi tunaambiwa tumsamehe kwa sababu anaumwa. Huyu wangu alimwacha Ramadhani mzima wa afya, ana nguvu zake, ana njia ya boti iko wazi ya kukimbilia tena, na akamfanya abaki.

Mapungufu yapo. Tahajia inachosha: "r" na "l" zinabadilishana, na wakati mwingine hujui anayezungumza ni nani kwa sababu hakuna alama za kunukuu. Tanesco wakikata umeme kwake sehemu haiji, na hatoi taarifa mpaka asubuhi. Kubwa zaidi kwangu ni suala la ndoa. Mume amepotea miaka sita, mke yuko ndoani au hayupo? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina njia zake, na Waislamu wengi wa hapa wangeanzia kwa shehe wa Bakwata. Katikati ya hadithi kuna mwalimu mjane anayemposa Tausi, mtu mwema kabisa, na tunaambiwa tu kwamba Tausi alikataa. Kama alikataa kwa kuwa hakuwa huru, hiyo ni hadithi nyingine. Kama alikuwa huru na bado akakataa, ndiyo tuliyotaka kuisoma! Wasomaji tulinyimwa sehemu mbili tatu nzuri hapo.

Mwisho nao umegawa watu. Ramadhani harudi chumbani. Anapewa chumba cha uani kilichokuwa stoo ya mawese, anakula na binti, na Tausi anamkabidhi kazi ya kubeba sanduku jipya la kikoba kwenda mkutanoni, kufuli tatu, funguo kwa wenyewe. Shoga yangu anadai hela yake irudi kwa sababu hawakuoana tena. Mimi naona mwandishi alisimama pale ukweli ulipomfikisha.

Mkilipia, msisambaze. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi wa simu sawasawa na wa kitabu, na huyu anaishi kwa hizo buku mbili zetu. Nimekuta kazi yake imenakiliwa na kuuzwa kundi jingine, jina lake limefutwa. Kuna mahali pia hela ya watu iliingia na sehemu zikakoma katikati, hivyo kabla ya kutuma muulize mwandishi kama hadithi ameshaikamilisha, na umwombe namba ya mteja aliyeisoma mpaka mwisho. Wangu alinipa bila kusita.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya yule mwalimu mjane. Nimemwandikia mwandishi faragha kumwomba sehemu ya nyongeza juu yake, na amejibu kwamba si mimi peke yangu niliyeuliza.