Visima vya kupima maji kwenye sheli yetu, uzoefu wangu

Hii kazi nimeilipia mara mbili kwahiyo naandika nilichokiona kwa macho. Tuna sheli ya familia huku Kigamboni, matangi ya chini ni ya siku nyingi na majirani wengi wanachota visima vya uani, sasa mwaka jana jirani mmoja akaja kusema maji yake yananuka petroli, yaani usiku ule sikupata usingizi.

Mafundi wa kwanza ni wachimbaji wa visima vya kawaida, wakachimba kimoja pembeni ya matangi na matundu ya bomba yakaanzia mita tatu chini ya usawa wa maji. Kwa kisima cha kunywa hakuna shida, ila petroli ni nyepesi inaelea juu ya maji, bomba likiwa zima pale juu mafuta hayana pa kuingilia, utapima mpaka uchoke na majibu yatakuja safi. Miezi minne tukamwambia jirani tuko sawa, hilo linaniuma mpaka leo.

Timu ya pili ndo naisifia. Kabla ya kugusa udongo waliomba michoro ya matangi na mabomba, halafu mita ya kwanza na nusu wakachimba kwa mkono wasije wakatoboa bomba la mafuta. Wakaweka visima vitatu kwa pembetatu, maana ukilinganisha levo za maji kwenye vitatu unajua yanaelekea wapi, kwetu yanaelekea kwa jirani. Bomba la inchi 2, mipasuko inaanzia juu ya maji na kushuka chini yake ili maji yakipanda masika au yakishuka kiangazi, uso wake ubaki kwenye mipasuko. Pembeni mchanga uliochekechwa, juu yake bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, kisha zege na mfuniko wa kufuli, mafuta yakimwagika juu yasishukie humo.

Sampo walikuja kuchukua wiki iliyofuata, wakaanza na kisima cha mbali na matangi. Inchi 2 inabeba kama lita 2 kila mita, sisi tulikuwa na mita 4 za maji, wakatoa lita 24 hivi kwanza, yaani mara tatu ya yaliyomo, ili sampo iwe ya maji mapya, yote kwenye pipa, hawakumwaga hata tone. Vichupa vya mililita 40 wanajaza mpaka juu, wanafunika, wanageuza, wakiona kipovu wanarudia kwa sababu benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, inahamia kwenye hewa. Glavu mpya kila kisima, vichupa vyote kwenye deli la barafu.

Kisima cha upande wa jirani kilizidi maikrogramu 10 za benzini kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Tangi tumelifunga, jirani tunamletea maji ya boza.

Kasoro moja, ripoti ni Kiingereza kitupu na jirani ndo mwenye haki ya kwanza kuielewa, nilikaa naye jioni nzima namtafsiria. Raundi ya pili ni baada ya masika, nimewaita haohao na nimewaomba ukurasa mmoja wa Kiswahili.