Saa janja ya mtetemo kwa mwenye narkolepsi: tathmini kutoka Ngamiani, Tanga

Saa hii tuliinunua kwa shilingi 45,000 katika duka la vifaa vya simu hapa Ngamiani, na anayeivaa ni mdogo wangu, fundi cherehani, ambaye daktari wa mishipa ya fahamu alithibitisha kuwa ana narkolepsi ya aina ya kwanza, yaani ugonjwa wa kuvamiwa na usingizi mchana bila kuweza kujizuia. Katika ugonjwa huu ubongo hupoteza seli zinazotengeneza oreksini, kemikali inayomwezesha mtu kukaa macho, na hadi sasa hakuna dawa ya kuuponya. Zilizopo hupunguza makali yake tu.

Kazi ambayo saa hii inaifanya vizuri sana ni kulinda usingizi mfupi. Wagonjwa wengi hushauriwa kupanga vipindi vya kulala mchana, vya dakika 15 hadi 20, kwa kuwa huwaburudisha kwa muda. Zamani alitegemea mlio wa simu, ambao uliwashtua mafundi wenzake huku yeye akiuzima bila kujitambua, lakini mtetemo wa mkononi humwamsha peke yake. Nimekaa kando ya cherehani yake nikaona hali ilivyokuwa kabla: usingizi ukimvamia, mguu huendelea kukanyaga na mikono kusukuma kitambaa, ila mshono huuacha mstari wa chaki na kupinda hadi ukingoni mwa kitenge. Tangu aanze kujilaza baada ya chakula cha mchana, mishono ya namna hiyo imepungua mno, jambo kubwa kwa mtu ambaye vidole vyake viko karibu na sindano kutwa nzima.

Programu yake ya kupima usingizi, kwa upande mwingine, siipendekezi hata kidogo. Humwandikia kwamba amelala vizuri usiku ule ule ambao alikuwa akiamka mara kwa mara na jinamizi likamkaba alfajiri, kwa sababu hukisia kwa mwendo wa mkono na mapigo ya moyo. Kipimo chenyewe hufanyika katika maabara ya usingizi, ambako mawimbi ya ubongo husomwa usiku kucha, kisha mchana mgonjwa hupewa nafasi 4 au 5 za kulala, zinazopishana kwa saa 2, ili ionekane anasinzia haraka kiasi gani na kama anaingia mapema katika usingizi wa ndoto. Mtu anayesinzia ovyo huku kwetu tayari huitwa mvivu au huambiwa ana jini. Saa nayo ikisema kwamba analala vizuri, nani atamsadiki?

Wala haiwezi kumtahadharisha kuhusu katapleksi, yaani pale kicheko kinapomlegeza magoti ghafla ilhali fahamu anazo, kwa hiyo isimpe mtu ujasiri wa kuendesha bodaboda. Chaji hudumu, maji ya udhu hayajaidhuru, ila mkanda wa mpira ulimwasha kwa joto la hapa hadi akajishonea wa kitambaa.

Ambaye bado hajapimwa asianze na saa. Aanze na hojaji ya Epworth, ya kupima jinsi mtu anavyosinzia mchana, iliyotungwa Australia mwaka 1991: ina maswali 8, kila moja lina alama 0 hadi 3, na jumla ikizidi 10, aipeleke kwa daktari pamoja na daftari la nyakati anazosinzia.